Betri ya Nyuma na Njia ya Kiuyu

Juzi tulikuwa Jadida, kwenye khitma ya Shaame Maganga, aliyekuwa dereva wetu, Mungu amrehemu. Wanawake tulikaa chumba cha ndani, kile chenye dirisha la kuangalia uani, na mikeka ilitandikwa mpaka kizingitini kwa wingi wa watu. Mimi nilipewa mto wa kuegemea, maana siku hizi nikikaa chini lazima watu wafikirie nitainukaje. Tulikuwa tumeshamaliza kusoma, harufu ya ubani haijatoka, na sinia za wali zimeanza kupita kutoka jikoni, alipoingia bibi mmoja mrefu, mweupe, mkono mmoja umeshika ukuta na mwengine umemshika mjukuu wake. Nilimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa Bi Zuwena, muuguzi wetu wa zamani. Akanitazama, akasimama pale pale mlangoni.

"Mize! Ungali hai?"

"Ningali. Nakungojea weye utangulie, uniwekee nafasi."

Watu wakacheka, na kwenye khitma kicheko kikitoka hutoka kwa nguvu kwa sababu kilikuwa kimezuiwa. Akakaa ubavuni mwangu kwa taabu, akala tonge kidogo, kisha akaniinamia sikioni. "Unajua njia nzima nilikuwa nasikia nini? Ile tak." Nikaliweka tonge langu chini. Chumba kile kilijaa watoto wa Shaame, wakwe zake na majirani wa miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyejua tak ni nini. Fundi Seif alikwishakwenda zamani, Mzee Hamad kabla yake, na sasa Shaame. Tumebaki wawili. Ndipo nikasema mwaka ule nausimulia, kabla sisi nasi hatujasomewa.

Ya kuzaliwa kwangu, na ya kuolewa na kuachwa kwangu, nayaacha. Ni ya watu wote na hayana jipya. Nitasema moja tu, kwa sababu bila hilo hamtajua nilikuwa natafuta nini ndani ya gari. Nilikuwa na mtoto, Mbarouk, akafa kwa surua. Kulikuwa na dawa ya kumchanja, ila haikufika kwetu, ilifika mjini. Basi niliposikia kuna gari litakalopeleka chanjo mpaka vijiji vya mwisho huko kaskazini, na kwamba wanataka mwanamke wa kupika, kufua na kushika watoto wakati wanachomwa, nilikwenda kusimama mbele ya mlango wa ofisi, na sikuondoka mpaka nikapewa kazi. Nilikuwa nimesoma darasa la pili. Hawakuniuliza habari ya darasa. Waliniuliza kama naogopa kulia kwa watoto, nikasema naogopa wakinyamaza.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari foleni, sabuni foleni, nasi tukafulia mapapai mabichi. Gari yenyewe ilikuwa haijapata kuonekana Pemba. Ililetwa na mke na mume wazungu waliozunguka nayo Afrika nzima wakilala humo humo, na walipofika kwetu na kuchoka safari, wakaiachia kazi ya chanjo, wao wakarudi kwao kwa ndege. Mume tulimwita Bwana Ndevu. Nje ilikuwa kama gari nyingine kubwa ya njia mbovu, rangi ya mchanga. Lakini ukifungua mlango wa nyuma ni nyumba. Kuna kitanda kinachokunjwa kikawa meza. Kuna karo ya kuoshea vyombo, ndogo, kama ya kuchezea watoto. Kuna makabati yenye vishikizo, ili vikombe visiruke njiani, na mapazia ya maua ya manjano ambayo mimi niliyafua mpaka maua yakakwisha. Watu wa vijijini waliiita "dago la magurudumu", kwa sababu wakati wa karafuu watu huhamia dago mashambani, wakapika na kulala huko mpaka mavuno yaishe, na hii ilikuwa dago linalokwenda lenyewe. Nilikuwa na chumba kwa shangazi yangu Wete, lakini chumba nilichokipenda mwaka ule ni kile. Nilikijua kila msumari.

Na pembeni ya kitanda kulikuwa na friji. Ndogo, nyeupe, mlango wake hufunguka juu kama kasha. Ndiyo iliyokuwa roho ya gari, kwa sababu dawa ya surua ikipata joto inakufa, na ikishakufa huijui kwa kuitazama. Ni maji yale yale. Zamani walikuwa wakiichukua katika masanduku ya barafu, lakini barafu ilitaka umeme wa mjini, na umeme wa mjini ulikuwa na siku zake. Friji ile ilikula umeme wa betri. Gari ilikuwa na betri mbili: ya mbele, ya kuwashia injini, na ya nyuma, chini ya kitanda, ya friji na taa. Zote mbili zilipata moto mahali pamoja tu, kwenye dainamo, ile inayozungushwa na injini. Bwana Ndevu alitia kidude kati ya betri hizi, cha ukubwa wa kiberiti. Dainamo ikianza kuzunguka hulisha kwanza betri ya mbele, irudishiwe ilichokula starta. Ikishashiba, kile kidude hulia *tak*, na hapo njia ya betri ya nyuma hufunguka. Ukizima injini kinafunga, ili friji isije ikaila betri ya mbele, mkabaki porini. Bi Zuwena alinieleza hivyo siku ya kwanza, naye alielezwa na Bwana Ndevu. Ukutani, juu ya friji, kulikuwa na saa ndogo ya kupimia yenye mshale: ukielekea kulia betri ya nyuma inakula, ukilala kushoto inaliwa.

Safari yetu kubwa ilikuwa Kiuyu. Tunatoka Wete asubuhi na dawa kutoka hospitali, tunafika mchana, tunachanja mpaka alasiri, tunalala, na asubuhi tunachanja waliotoka mbali. Mara ya kwanza tulifika, Bi Zuwena akafungua friji, akatazama kipimajoto, akaufunga mlango wake polepole kama mtu anayefunika maiti. Betri ya nyuma ilikuwa imekufa. Dawa imepata joto. Kina mama walikuwa wamejaa chini ya makuti ya skuli, watoto wamevishwa nguo za sikukuu, wengine wamepakwa wanja. Bi Zuwena alisimama akawaambia kweli, kwamba dawa imeharibika, na hawezi kuwachoma watoto maji. Wakaondoka bila kusema. Tukarudi mjini, betri ikatiwa moto kwa mashine ya karakana, ikapimwa, ikaonekana nzima. Tukaenda mara ya pili. Yakawa yale yale.

Safari hii walisema. Aliyesema ni mmoja, anaitwa Riziki, mwembamba, mtoto mgongoni na mwengine mkononi. Alitoka Maziwang'ombe kwa miguu mara zote mbili. Hakupiga kelele, bora angepiga. "Dada wauguzi," akasema, "mie mara ya kwanza nilirudi nikamwambia mume wangu, wamepata ajali ya Mungu. Leo nikamwambie nini? Gari yenu nzuri, mapazia yenu mazuri, nendeni mkalale ndani. Sisi hatuji tena." Na wenzake nyuma wakasema, "Hatuji." Yule mtoto mkononi alikuwa na umri wa Mbarouk. Nilijishughulisha na masufuria, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Wiki ile, nikipiga deki ukumbi wa ofisi, nikamsikia mkubwa wetu anazungumza na Bi Zuwena mlango wazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Bi Zuwena, dawa hizi zinatoka mbali. Siwezi kuzimwaga kila mwezi. Nakupa safari moja. Ikiharibika na hii, gari irudi Unguja, na Kiuyu tutaiacha mpaka atakapojaalia Mungu." Bi Zuwena akasema, "Na surua nayo tuiambie isubiri?" Akamjibu, "Wewe nambie nifanye nini." Bi Zuwena aliinuka. Akatoka, akanikuta nimeshika tambara. "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. "Basi?" Nikamwambia, "Basi hairudi Unguja." Sikujua nasema nini. Lakini nilipolisema nikajiona nimesimama juu yake, kama mtu aliyekanyaga jiwe katikati ya matope.

Tukaipeleka gari kwa Fundi Seif. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, banda la mabati, na wazee waliokaa pale kunywa kahawa walikuwa wengi kuliko magari yanayotengenezwa. Fundi Seif alikuwa mtu wa mzaha, tumbo mbele, kofia imeloa mafuta. Alikagua siku nzima. Akaukuta waya unaokwenda nyuma ni mwembamba, moto unapotea njiani, akatia mnene wa shaba alioutoa kwenye lori bovu. Akasugua vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani. Akaitazama dainamo, akakaza mkanda wake. Kisha akajifuta mikono. "Waya mzima, dainamo nzima, betri nzima, na kidude cha mzungu kinalia. Gari hino haiumwi. Kesho nakwenda nanyi mpaka Konde, nimwone mchawi kwa macho yangu."

Sasa nakuombeni mnielewe namna tulivyosafiri, maana hapo ndipo palipokuwa na jambo. Shaame alikuwa dereva mwenye adabu kupita wote niliowajua. Babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi ya mikarafuu, na Shaame, aliyezaliwa Wete na mama yake kuzaliwa Wete, alikuwa bado akiulizwa "kwenu wapi?" Kwa hiyo hakupita baraza bila kusalimia. Na kwetu hakuna kusalimia juu ya injini. Hiyo ni kumfokea mtu. Unasimamisha gari, unazima, unashuka, unatoa mkono. "Assalamu alaikum." "Waalaikumu salaam, Shaame, hamjambo?" "Hatujambo, wazee wangu." "Nyumbani?" "Wazima." "Mama yako mguu?" "Haujambo, anatembea." "Na huko kuna mvua?" "Manyunyu." "Na weye Bi Zuwena, baba hajambo?" Bi Zuwena naye alikuwa na sababu yake. Ukoo wao walikuwa Waarabu wenye mashamba, na baada ya Mapinduzi mashamba yakaenda, akabaki yeye na kazi yake. Akipita bila kushuka wangesema, tazama, bado wanajiona. Kwa hiyo alishuka kila mahali, hata kama miguu imemvimba. Na mimi nilishuka kwa sababu nilikuwa na watu kila kijiji.

Siku ile na Fundi Seif ilikuwa mbaya zaidi, maana yeye alijulikana na Pemba nzima. Hakuna baraza asilolitaka. "Simama, simama, yule kaniolea dada!" "Simama yakhe, hapo nilimtengenezea mtu baiskeli hajanisalimia tangu siku ile, nataka nimwone anaficha wapi uso." Mimi nilikuwa na kisigino kimepasuka, nikabaki ndani kando ya friji. Nikaanza kuutazama mshale kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. Gari inawaka, mshale umelala kushoto. Tunakwenda, tunakwenda, bado kushoto. *Tak.* Mshale unainuka, unaelekea kulia, nasema alhamdulillahi. Na hapo hapo nasikia Fundi Seif, "Simama!" Injini inazimwa. Mshale chini. Salamu, mama zao, mvua, mguu. Gari inawaka tena. Starta imekula. Dainamo inarudi kulisha mbele upya. *Tak*, na baraza jengine hili hapa.

Konde tuliteremka kula. Mama mmoja pale alikuwa akipika muhogo wa nazi na pweza mkavu, tukakaa kwenye jamvi tukala kwa sinia moja, na Fundi Seif, mdomo umejaa, akasema, "Sijaona kitu. Njia nzima imekwenda vizuri." Nikamwambia, "Fundi, imekwenda wapi? Haikwenda. Imesimama." Nikawaeleza mshale. Shaame akaacha kula. Bi Zuwena akaacha kula. Fundi Seif akaendelea kutafuna taratibu, akameza, akasema, "La ilaha illallah. Kumbe mchawi ni salamu alaikum." Akacheka mpaka muhogo ukampalia, tukampiga mgongo. Lakini Shaame hakucheka. "Sasa mnataka niwe nani?" akasema. "Niwapite watu kama mbwa kaona mbwa? Mimi nikipita leo sijasalimia, kesho wataniuliza natoka wapi." Na Bi Zuwena akasema kwa sauti ndogo, "Wewe watakuuliza. Mimi wataniambia bado najiona."

Tulijaribu kuiacha injini inawaka tukisalimiana. Dizeli ilikuwa ya kuhesabia, na mashine ile ilitoa moshi. Baraza la kwanza tu, mzee mmoja akakohoa, akasema, "Shaame mwanangu, wanisalimia au wanivukiza?" Shaame akazima kabla mzee hajamaliza neno. Nikaona hapa hapana jambo la fundi tena. Usiku sikulifikiria, asubuhi nilipoamka nilikuwa nalo tayari, kama mtu kaniwekea chini ya mto. Nikamwendea Bi Zuwena. "Siku ya safari hatusimami. Lakini salamu zao watazipata. Nitakwenda kabla."

"Kabla vipi?"

"Kwa miguu. Baraza kwa baraza. Salamu zenu za safari nazitoa kwanza, kisha naomba radhi kwamba gari itapita."

"Mize, huo mguu wako?"

"Mguu ni wangu."

Nikanunua tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, nikafungia kwenye majani ya mgomba, maana huendi kuomba mikono mitupu. Nikajifunga kitambaa kisiginoni, nikaanza Wete asubuhi ile ile. Mahali palipo mbali nilidandia gari ya mizigo, kisha nikashuka nikatembea. Kila baraza nilisema yale yale. "Wazee wangu, nimetumwa na Shaame na Bi Zuwena. Wanakusalimieni salamu ya siku ya safari. Siku hiyo mtaiona gari inapita haisimami. Haina kiburi. Ina dawa ya watoto inayotaka injini iungurume, ikizimwa dawa inakufa. Nawaombeni ruhusa yenu." Na kwa kuwa ni salamu ya siku nyingine, ilibidi niimalize yote: mama zao, mguu, mvua. Wengine walitaka kunichezea. "Ikiwa siku hiyo nitaumwa na kichwa, salamu nitajibu nini leo?" "Sema hujambo, nikifika nitakupa pole." Mabibi walinielewa upesi kuliko wanaume. Bibi mmoja, Bi Kazija, alinishika mkono. "Pita mwanangu. Ipite hata juu ya mkeka wangu." Hakuniambia kwa nini, nami sikumwuliza.

Baraza la mwisho, pale njia nzuri inapokwisha na kuanza mawe ya Kiuyu, nilimkuta Mzee Hamad Mbwana anasuka ukili wa mkeka. Macho hayaoni vizuri, masikio makali. Wote niliowapita waliniambia, ukimpata Hamad umemaliza, ukimkosa umefanya kazi ya bure, maana watu wa Kiuyu huko mbele hukwenda anavyokwenda yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwekea tambuu mkekani. Hakuigusa.

"Bibi, weye umenisalimia, na salamu yako naipokea. Shaame simwoni hapa. Muuguzi simwoni. Mimi sina salamu za akiba."

"Mzee wangu, ni kwa ajili ya watoto."

"Watoto wapi? Mwanangu Riziki karudishwa mara mbili na gari yenu. Kisha sasa hata jambo hamtaki kutwambia, mnapita mnatutimulia vumbi." Akarudi kwenye ukili wake. "Hapa gari husimama."

Riziki! Nilikuwa sijui ni mwanawe. Nikakaa palepale mkekani, na nikamwambia habari niliyokuwa sijamwambia mtu njiani. Nikamwambia habari ya Mbarouk, jina lake, na siku aliyoacha kulia. Mzee Hamad mikono yake ikasimama. Akasema, "Mungu akupe subira." Kisha akasuka tena. "Hapa gari husimama," akarudia, ila sasa kwa sauti ya chini. Nikaondoka, tambuu nikaiacha pale pale, na nikalia njia yote ya kurudi, kisha nikaosha uso kisimani nikasema, safari iko pale pale.

Siku ya safari tulitoka na dawa. Mimi nyuma kando ya friji, macho kwenye mshale. Gari ikawaka, kushoto, *tak*, kulia. Baraza la kwanza hili. Nikamsikia Shaame mbele anavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi. Hakusimama. Nikachungulia pazia: wazee wamesimama, wote, mikono juu, na mmoja anapiga ukelele, "Mvua hakuna, mguu mzima, nendeni!" Baraza la pili, la tatu, hivyo hivyo. Bi Kazija alikuwa kando ya njia na amekunja mkeka wake kweli, ameukumbatia. Bi Zuwena alipunga mkono dirishani mpaka bega likamwuma, na machozi yanamtoka, akisema, "Hawajanuna, Mize, hawajanuna." Mshale haukushuka. Ulikaa kulia kama umepigiliwa.

Kisha gari ikapunguza mwendo, na nikajua tumefika wapi. Nikapeleka uso kwenye kidirisha cha mbele. Mzee Hamad alikuwa katikati ya njia na fimbo yake, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, kama anakwenda msikitini. Shaame akasimamisha gari. Nikauona mkono wake unakwenda kwenye ufunguo, wenyewe, kwa mazoea.

"Shaame, usizime!"

"Mize, ni mzee."

"Usizime!"

Mkono ukabaki hewani. Mzee Hamad akaja mpaka kwenye mlango wa dereva, akaupapasa. Injini inaunguruma, naye akasema kwa sauti ya kuishinda, "Assalamu alaikum! Si mumesema haizimwi? Basi nifungulieni mlango. Tutasalimiana tukienda."

Tukamtia nyuma. Akakaa kitandani, fimbo katikati ya magoti, akapapasa mapazia, karo, kabati, na akanambia, "Dago zuri hili. Nalo mwalipikia nini?" Nikamwambia leo mkate wa mofa na samaki. Akasema nimbakishie. Na kutoka pale mpaka Kiuyu, juu ya mawe, vichwa vyetu vinagonga paa, alisalimiana na Shaame kupitia kile kidirisha: mama yake, mguu, watoto, mvua. Kisha akamwuliza habari za babu yake. "Maganga? Maganga wa shamba la juu? Tumechuma naye karafuu mti mmoja. Alikuwa akiimba, shetani yule, mpaka mnyapara anasahau kutukana." Shaame akashika usukani kwa mikono miwili. Kwa nyuma nilimwona shingo imenyooka, kama amekua. Kisha zamu ya Bi Zuwena: baba yake, ami zake, mmoja mmoja kwa jina, walio hai na waliokufa, na waliokufa akawaombea. Mshale ulikuwa kulia.

Chini ya makuti ya skuli hapakuwa na mtu. Walisema hawaji, na hawakuja. Mzee Hamad akateremka kwanza, akaupeleka uso huku na huku. "Wako wapi?" Nikamwambia hawapo. Akaenda na fimbo yake mpaka nyumba za karibu, akasimama uwanjani, akaita kwa sauti iliyofika ufukweni: "Riziki yuko Maziwang'ombe, mwenye miguu ende akamwite! Mwambieni baba yake kaja na gari, kasikia kwa masikio yake, haikuzimwa njia nzima!" Walianza kuja mmoja mmoja. Alasiri tulichanja mpaka jua likazama. Riziki hakuja. Asubuhi, jua halijapanda, nilipofungua mlango wa nyuma nimimine maji, nilimkuta amekaa kwenye kidaraja cha gari, watoto wote wawili, nguo za sikukuu. Hakunisalimia. Akauliza, "Baridi imefikia wapi?" Bi Zuwena akafungua friji, akatoa kipimajoto, akakigeuza ili Riziki akione mwenyewe. Mstari ulikuwa chini, mbali kabisa na joto. Riziki hakujua kusoma kipimajoto, kama mimi. Alitia mkono ndani ya friji, akaushika ule ubaridi, akauacha mkono humo. Kisha akanipa mtoto mdogo nimshike. Alipochomwa alipiga kelele nikazisikia mpaka tumboni, na sijapata kusikia kelele tamu kama zile.

Gari haikurudi Unguja mwaka ule. Kabla ya kila safari nilikwenda na tambuu zangu, na baraza la mwisho tulikuwa na abiria. Sikuwa fundi, sikuwa muuguzi, na nimekufa njaa mara nyingi baada ya hapo, lakini mwaka ule nilijua kila asubuhi nina kazi gani duniani.

Juzi Jadida, tulipomaliza kula na kunawa, mjukuu wa Bi Zuwena alikuwa nje kwenye gari lake jipya, injini inawaka, anapiga honi kidogo kidogo kwa adabu, maana wana safari ya Chake. Bi Zuwena akaanza kuinuka haraka haraka. Nikamshika kanga. Nikajikokota mpaka dirishani, nikamwita yule kijana.

"Mwanangu, zima gari hiyo. Hatujaagana."

Akazima. Nikarudi kukaa, na Bi Zuwena akaninyooshea mkono wake, tukaanza upya, kutoka mwanzo: hujambo, sijambo, nyumbani, watoto, mguu, mvua.